Mdhamini na Msengenyaji



Vijana wetu hapa Matiliku, wakiwakuta watu wawili chini ya mwembe wanamsema wa tatu, hucheka wakisema, "Hiyo ni gossip." Hata mzee asiyejua Kiingereza kingine analijua neno hilo. Sisi nasi tulilitumia miaka mingi bila kuuliza lilikotoka, mpaka siku moja, tukiwa chuo cha theolojia, tulifungua kamusi kubwa kutafuta jambo jingine kabisa, tukalikuta, tukashangaa.

Zamani Waingereza walisema "godsibb". "God" ni Mungu, na "sibb" ni jamaa. Basi ni jamaa kwa njia ya Mungu, yaani mdhamini wa ubatizo, yule asimamaye penye birika na kujibu kwa niaba ya mtoto. Mwaka 1014, Wadeni walipokuwa wakiitesa Uingereza, Askofu Mkuu Wulfstan wa York alihubiri kwa uchungu juu ya wadhamini na watoto wao wa ubatizo waliouawa kote nchini. Neno alilotumia ni hilo hilo.

Je, lilifikaje chini ya mwembe? Mdhamini alikuwa rafiki wa nyumbani. Mama alipokaribia kujifungua, rafiki zake wa kike waliitwa wakae naye, nao wakaitwa jina hilo. Wanaume hawakuingia humo. Usiku wa uchungu ni mrefu, na watu huzungumza. Sisi twadhani dharau ilianzia kwa wale waliongoja nje, maana mwanamume asiyesikia kinachosemwa hudhani anasemwa yeye! Samuel Johnson alipotoa kamusi yake mwaka 1755, aliziandika maana zote pamoja: mdhamini, mwenzi wa kunywa, na mtu wa kuzungukazunguka akipiga domo. Leo imebaki ya mwisho. Wala si Waingereza peke yao. Kwa Wafaransa, "commère" alikuwa mama wa ubatizo. Leo ni mwanamke msengenyaji.

Ndugu wapenzi, neno haliharibiki lenyewe. Mdhamini ndiye aliyekaribishwa ndani, akajua ya chumbani, akajua na deni la nyumba hiyo. Mgeni hawezi kutusengenya sana, kwa kuwa hajui kitu. Anayeweza ni jamaa.

Twasema haya tukijua hatia yetu. Katika ushirika mmoja tuliotumikia palikuwa na mama mtunza fedha wa kikundi cha akina mama. Alikuwa amewadhamini watoto wengi, maana Kitabu cha Sala cha mwaka 1662 chataka wadhamini watatu kwa kila mtoto, na yeye hakukataa kuombwa. Ikanong'onwa kwamba amekula fedha za kikundi. Habari ililetwa kwetu baada ya ibada, tukiwa bado tumevaa kanzu. Hatukusema neno baya. Tulitikisa kichwa tu, tukasema, "Hata yeye!" Kufika jioni ilikuwa imekwisha kuvuka mto, nayo ilikuwa na nguvu mpya, kwa kuwa pasta naye amesikitika.

Kitabu cha benki kilipoletwa, fedha zilikuwamo zote. Mama yule hakugombana na mtu. Alikabidhi ufunguo wa sanduku, na Jumapili iliyofuata hakuja. Wala hakuja iliyofuata.

Mithali, sura ya 26, yatuambia kwamba moto hufa ukikosa kuni. Sisi tulidhani kuni ni maneno tu. Kumbe kutikisa kichwa nako ni kuni.

Tulikwenda kwake. Tulimkuta akichota maji mchangani, mtoni, pamoja na binti mmoja aliyemdhamini zamani. Tulimwomba radhi mbele ya binti huyo, maana hatukuona haki kumharibia jina hadharani kisha kumwomba radhi faraghani. Alijaza mtungi wake mpaka juu kabla ya kujibu. Kisha akauliza, "Pasta, wale waliokuletea habari, nao umewaambia?"

Tulikuwa hatujawaambia. Tuliondoka pale tukaanza na nyumba ya kwanza.