Tokeni Zinazochomwa na Amana za Watu

(Mada iliyotolewa msikitini baada ya Sala ya Ishaa)



Tumeonelea usiku huu tuzungumzie jambo ambalo vijana wetu hutuuliza mara kwa mara wanapotoka darsani. Kuna mashirika ya sarafu za mtandaoni ambayo huzinunua tena tokeni yalizozitoa yenyewe, kisha yakazichoma. Je, tendo hilo lamtosha mnunuzi kuliamini shirika?

Kwanza tufahamu kwamba hapana moto wala jivu. Tokeni hupelekwa kwenye anuani ya mtandaoni ambayo ufunguo wake hakuna aliye nao, zikawa hazitoki tena. Hoja yao ni kuwa kitu kikiwa adimu bei hupanda. Hoja hiyo ina nusu ya ukweli, kwani uadimu haumfai mtu iwapo hapana mwenye haja na bidhaa yake.

Tuangalie yaliyotokea FTX, soko la sarafu hizo lililoanzishwa mwaka 2019 na Mmarekani Sam Bankman-Fried. Soko hilo lilitoa tokeni iitwayo FTT, likaahidi kutenga thuluthi ya ada zake kuzinunua na kuzichoma. Uchomaji ulifanyika kila wiki, na kila mwenye kutaka aliweza kuuona katika daftari la wazi la mtandaoni. Hapa ndipo watu walipoghurika. Walichokiona kiliwafanya wasiulize juu ya wasichokiona.

Mtu huyo alikuwa na shirika jingine, Alameda Research. Tarehe 2 Novemba 2022 gazeti la mtandaoni CoinDesk lilifichua hesabu zake: katika mali ya dola bilioni 14.6, kiasi cha bilioni 5.8 zilikuwa FTT. Yaani mtu amejitengenezea karatasi, soko likazipa bei, naye akazihesabu kuwa ni utajiri na nyingine akaziweka rehani! Siku nne baadaye Changpeng Zhao, mkuu wa soko shindani la Binance, akatangaza kwamba watauza FTT walizokuwa nazo. Bei iliyokuwa kiasi cha dola 22 ilishuka chini ya dola 5 kabla ya juma kwisha. Wateja wakakimbilia amana zao wasizikute, na tarehe 11 Novemba FTX ikatangaza kufilisika. Fedha za wateja, kiasi cha dola bilioni 8, zilikuwa zimetumiwa na Alameda. Machi 2024 Bankman-Fried alihukumiwa kifungo cha miaka 25.

Wanafunzi wa fiqhi wanaijua najshi, nayo ni mtu kupandisha bei ya bidhaa asiyokusudia kuinunua ili wengine wahadaike. Hatusemi kila ununuzi wa namna hii ni najshi, kwani mwenye kununua hutoa fedha kweli. Lakini ni fedha za nani? Desemba 2022 tume ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa na dhamana ilidai kuwa Alameda ilikuwa ikinunua FTT kwa wingi ili bei isianguke. Atakayesema hiyo ni biashara ya kawaida, na atufafanulie.

Wala kuchoma si ushahidi wa faida. Binance ilipotoa tokeni yake ya BNB mwaka 2017 iliahidi kuchoma kwa asilimia 20 ya faida ya kila robo mwaka. Ahadi hiyo ya faida iliondolewa baadaye, na tangu mwishoni mwa 2021 kiasi cha kuchomwa hutokana na kanuni ya hesabu isiyotegemea faida hata kidogo.

Basi kijana anayeletewa habari za uchomaji aulize: fedha za kununulia zimetoka wapi, tokeni zilizobaki ziko mikononi mwa nani, na nani awezaye kutoa nyingine kesho. Aulize pia amana za wateja zimehifadhiwa wapi, maana swali hilo uchomaji haulijibu kabisa.

Mwanzoni mwa 2024, mahakama ya Delaware inayosimamia ufilisi wa FTX ilipokadiria madai ya wadai, FTT ilipewa thamani ya sifuri.