Kishikwambi Hakifundishi Peke Yake

Msikilizaji, siku hizi ni nadra kusikia ahadi ya kuboresha shule isiyoambatana na kifaa. Mara ni kompyuta mpakato, mara vishikwambi, mara projekta na runinga ya ukutani. Kifaa kina sifa moja ambayo viongozi wanaipenda: kinahesabika, kinapigwa picha, kinakabidhiwa hadharani. Somo zuri halina sifa hiyo. Hoja yangu leo ni kwamba media anuwai, yaani somo linalounganisha maneno, sauti, picha na video, ina manufaa ya kweli katika elimu, ila manufaa hayo hayamo ndani ya kifaa. Yamo katika namna somo lilivyopangwa, na katika kazi anayopewa mwanafunzi baada ya kutazama na kusikiliza. Nchi inayonunua vifaa bila kugharamia mambo hayo mawili inalipia nusu ya kitu, tena ile nusu isiyofundisha.

Nianze na ushahidi unaoitetea media anuwai, kwa sababu ni mzito. Mwanasaikolojia Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, ametumia miongo kadhaa kuwalinganisha wanafunzi waliofundishwa kwa maneno matupu na waliofundishwa kwa maneno yanayokwenda sambamba na picha. Mara nyingi waliopata vyote viwili walielewa zaidi, hasa walipotakiwa kutumia walichojifunza kutatua swali jipya. Maelezo yake ni kwamba akili ya binadamu hupokea yanayosikika kwa njia moja na yanayoonekana kwa njia nyingine, na kila njia ina kiasi inachoweza kukibeba kwa wakati mmoja. Mwalimu wa baiolojia anayeeleza mzunguko wa damu kwa mdomo tu huielemeza njia moja na kuiacha nyingine bila kazi. Akieleza huku wanafunzi wakiuona mchoro wa moyo ukidunda, vali zikifunguka na kujifunga, wanaona wenyewe kwa nini damu hairudi ilikotoka. Hapo picha inaeleza jambo ambalo maneno yangehangaika nalo.

Lakini utafiti huohuo una onyo. Mayer na wenzake wameonyesha kwamba somo likijazwa muziki wa chinichini, mapambo na visa vya kusisimua visivyohusu mada, wanafunzi huelewa pungufu, kwa sababu nafasi ndogo waliyo nayo akilini imeliwa na vikorombwezo. Wameonyesha pia kwamba somo lililogawanywa vipande vifupi, ambavyo mwanafunzi anaweza kusimama na kutafakari kati yake, hufundisha vizuri kuliko lile linalotiririka bila kituo. Na sehemu kubwa ya majaribio hayo imefanywa kwa wanafunzi wa vyuo wa Marekani, wanaosikiliza lugha yao wenyewe. Kwao, kuandika kwenye skrini maneno yaleyale yanayosomwa kwa sauti mara nyingi ni mzigo. Sasa mfikirie mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza Tanzania, aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili na ghafla anafundishwa fizikia kwa Kiingereza. Huyo anaweza kuhitaji kuliona neno limeandikwa ili alitambue anapolisikia. Programu iliyotengenezwa kwa ajili ya mtoto wa California haiwezi kuletwa Singida kama ilivyo, hata iwe na picha nzuri kiasi gani.

Tugeukie Kenya, ambako jambo hili limejaribiwa kwa ukubwa. Ahadi ya mwaka 2013 ya kuwapa watoto wa darasa la kwanza kompyuta mpakato iligeuka kuwa mpango wa vishikwambi ulioanza kutekelezwa mwaka 2016, na zaidi ya vifaa milioni 1 vikapelekwa katika shule za msingi za umma. Kabla vishikwambi hivyo havijafika, kulikuwa na jaribio dogo katika kaunti ya Kisumu ambalo halikupata kelele hizo. Watafiti walichukua mpango wa kufundisha kusoma uliokuwa na vitabu vya wanafunzi, miongozo ya walimu, na mafunzo ya walimu. Juu ya msingi huo wakaongeza teknolojia kwa namna tatu: katika baadhi ya shule maofisa wanaowatembelea walimu walipewa vishikwambi, katika nyingine walimu wenyewe, na katika nyingine wanafunzi walipewa vifaa vya kusomea vitabu vya kidijiti. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba makundi yote yalizipita shule zisizokuwa na mpango wowote. Lakini yalipolinganishwa na shule zilizopata vitabu, miongozo na mafunzo bila vifaa hivyo, hapakuwa na tofauti ya maana. Mpango wa taifa wa Tusome, ulioanza mwaka 2015, ulifuata njia hiyo: kila mtoto kitabu chake, mwalimu mwongozo wake, na kishikwambi kwa ofisa anayekwenda darasani kumsaidia mwalimu.

Na sisi wa redio tuna ushahidi wetu. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, chini ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Vipindi vya Redio Tanzania Dar es Salaam vilieleza malaria, kichocho, minyoo na magonjwa mengine. Lakini redio haikuachwa peke yake. Kulikuwa na vijitabu vilivyoandikwa kwa watu waliotoka kujua kusoma, na kulikuwa na vikundi vya kusikiliza vyenye viongozi waliofundishwa kazi hiyo. Kikundi kilisikiliza, kikasoma, kikajadili, kisha kikaamua la kufanya: kuchimba vyoo, kusafisha visima, kufyeka vichaka. Waliohusika wanakadiriwa kufika milioni 2. Miongo mitatu baadaye, Zanzibar ilianzisha vipindi vya redio vya Tucheze Tujifunze kwa watoto wadogo. Mtangazaji anauliza, ananyamaza, watoto wanajibu kwa sauti au kwa mchezo, na mlezi aliye nao anaongoza. Katika mifano yote miwili chombo kilikuwa cha bei nafuu, na kila dakika ya kusikiliza ilifuatwa na jambo la kutenda.

Kuna watakaosema nimekuwa mpole mno. Mwaka 1983 mtaalamu wa elimu Richard Clark alidai kwamba chombo hakiongezi kujifunza hata kidogo, kama lori linalobeba chakula lisivyobadili lishe ya mlaji. Kinachotufundisha, alisema, ni mbinu. Nakubaliana naye kwa sehemu kubwa, ila si yote. Kuna mbinu ambazo haziwezekani bila chombo chake: huwezi kuonyesha chembe hai ikigawanyika kwa chaki, wala kumfundisha mwanafunzi matamshi ya lugha ngeni kwa kitabu kisicho na sauti. Ndiyo maana swali la busara ni somo gani linakihitaji chombo gani.

Wapo pia watakaosema kwamba mtoto asiyeshika kompyuta leo atakosa kazi kesho. Ni kweli, ujuzi wa kompyuta unahitajika, na ufundishwe kama ujuzi. Hiyo siyo sababu ya kudhani kwamba hesabu zitaeleweka zaidi kwa kuwa zimehamia kwenye skrini. Pingamizi zito zaidi ni la uhaba wa walimu: darasa la watoto mia, mwalimu mmoja, kwa nini video isiingie kusaidia? Iingie. Lakini video haijui nani hakuelewa. Katika darasa kubwa kiasi hicho thamani yake ni kumpunguzia mwalimu kazi ya kueleza, apate nafasi ya kupita kati ya madawati, kuuliza na kusahihisha. Akiiwasha na kuondoka, uhaba wa mwalimu umebaki palepale.

Tanzania ilipogawa kwa walimu vishikwambi vilivyotumika katika sensa ya mwaka 2022, iligusa mahali panapostahili, kwa mwalimu. Kinachofuata ni kuvijaza masomo mafupi yaliyoandaliwa hapa, kwa mtaala wetu na kwa lugha ambayo mtoto anaifuata, yakajaribiwa darasani kabla ya kusambazwa, na kila moja likaisha kwa zoezi la mwanafunzi. Mjumbe wa kamati ya shule au wa baraza la madiwani anayeletewa bajeti ya vifaa ana haki ya kuuliza maswali matatu: ni somo gani vitafundisha, nani ameliandaa, na mwalimu atapewa mafunzo lini. Bajeti isiyo na majibu hayo irudishwe kwa walioiandika.