KUTIA PROSESA NA FENI YAKE KATIKA KOMPYUTA

Fuateni ukurasa huu kwa kidole ninaposoma. Mwalimu wenu anavyo vyombo mezani.

Katika kompyuta mna ubao wenye njia nyingi za umeme, nao huitwa ubao mama. Juu yake hukaa prosesa, ifanyayo hesabu zote. Leo twatumia prosesa ya Intel ya namna iliyoanza kuuzwa mwaka 2021. Ni ndogo, urefu wake milimita 45, lakini bei yake yaweza kupita ya baiskeli.

Kwanza, ubao usiwe na umeme. Uwekeni juu ya kadibodi kavu. Kisha guseni chuma kitupu cha sanduku la kompyuta, ili umeme uliojikusanya mwilini utoke. Ninyi hamuusikii, lakini waweza kuiharibu prosesa.

Sasa tazameni soketi, yaani kikao cha prosesa. Kando yake pana mkono mwembamba wa chuma. Ubonyezeni, uvuteni nje kidogo, uinueni, kisha fungueni fremu. Ndani mna sindano 1700, nyembamba sana. Hapa ndipo penye hasara. Kidole kikizigusa, au uzi wa kitambaa ukinasa, zitapinda, na kuzinyoosha ni kazi ngumu hata kwa fundi. Huenda mkalazimika kununua ubao mwingine. Basi msizifute kabisa.

Ishikeni prosesa kwa kingo zake. Pembeni pana alama ndogo ya pembetatu, na soketi ina yake. Alama mbili hizo zikutane. Ishusheni polepole kutoka juu. Itakaa kwa uzito wake. Isipokaa, msiikandamize. Inueni, mtazame alama tena. Ikiisha kukaa sawa, rudisheni fremu na mkono. Mkono huo ni mgumu, nao hulia kidogo ukishuka, hata watu wengi huogopa wakauachia njiani. Endeleeni mpaka ushike. Kifuniko cheusi cha plastiki kitaruka chenyewe, kitunzeni.

Prosesa ikifanya kazi hupata moto. Ikikaribia digrii 100 hupunguza mwendo, na joto likizidi kompyuta hujizima. Kwa hiyo huwekewa kipoza joto, yaani chuma chenye mapezi na feni juu yake. Lakini chuma na prosesa havigusani kila mahali. Katikati hubaki hewa, na hewa haipitishi joto vizuri. Ndiyo sababu hupakwa grisi ya kijivu ya kazi hiyo (si ile ya baiskeli!). Kipoza joto kipya cha Intel huja kimekwisha pakwa, msikiguse chini. Kikiwa kimetumika, futeni grisi ya zamani, mtie tone jipya kiasi cha punje ya mbaazi.

Kina miguu minne. Bonyezeni mmoja, kisha ulio mkabala nao kwa mshazari, kama fundi akazavyo nati za gurudumu la lori. Geuzeni ubao mwone kama ncha zote nne zimetokeza nyuma.

Sasa waya wa feni. Tafuteni ubaoni herufi hizi, mzisome kwa sauti: CPU_FAN. Chomekeni hapo, si penginepo. Mkiwasha na feni isizunguke, zimeni upesi mtazame waya huo.

Juma lijalo tutatia vibao vya kumbukumbu. Kwa herini.