Barabara Itakayodumu: Maneno kwa Familia Zilizohama na Viongozi wa Butembo na Beni

Tunajua wengi wenu mmefika hapa kwa miguu, na njia mliyopita leo ndiyo ileile mliyoikimbilia siku ile mlipoacha makwenu.

Leo hatukuja kugawa mahema wala maharage. Tumekuja kuzungumza juu ya barabara. Huenda wengine mnajiuliza: watu wa amani na barabara wapi na wapi? Tutawaeleza. Katika mazungumzo yetu na familia za hapa, maswali matatu yalirudi mara nyingi. Akina mama waliuliza: chumba tunachopanga kando ya barabara kitabomolewa? Vijana waliuliza: kazi tutapata sisi au watu kutoka mbali? Na mzee mmoja aliuliza kwa sauti ya chini: barabara ikiwa nzuri, adui naye si atafika haraka?

Wataalamu wana jina kwa maswali ya namna hii. Wanasema ni kutathmini uendelevu wa mradi. Maana yake ni kuuliza, kabla ya kazi, wakati wa kazi na baada ya kazi: je, barabara hii itadumu? Nani atafaidika? Nani ataumia? Na itawaacha watu na ardhi yao katika hali gani? Ndugu zetu, ninyi mmeshaanza tathmini hiyo bila kuiita kwa jina lake.

BARABARA TUNAZOZISEMA

Tarehe 16 Juni 2021, Rais Félix Tshisekedi na Rais Yoweri Museveni walikutana mpakani, Mpondwe na Kasindi, wakazindua mpango wa kutengeneza barabara za kilomita 223 katika Kivu ya Kaskazini. Kasindi hadi Beni ni kilomita 80. Beni hadi Butembo ni kilomita 54. Bunagana hadi Goma kupitia Rutshuru ni kilomita 89. Ilipangwa kwamba nchi hizi mbili zichangie sehemu ya gharama, na sehemu kubwa irudishwe kwa ushuru utakaolipwa na magari yanayopita.

Kisha tarehe 30 Novemba 2021 majeshi ya Congo na Uganda yalianza operesheni ya pamoja dhidi ya waasi wa ADF, na mitambo ya barabara ikafuata nyuma ya askari. Mwezi Juni 2022 M23 waliiteka Bunagana, na kazi za upande ule zikasimama. Hapo tunapata somo la kwanza: barabara inaweza kuwa nzuri kwenye karatasi, lakini pasipo amani inaishia pale vita vinapoanzia.

Hakuna mtu wa Butembo asiyejua thamani ya njia hizi. Saruji, mafuta ya gari na bidhaa za duka vinaingia kwa Kasindi. Kahawa na kakao zinatoka. Maharage na viazi vya Lubero vinapanda lori. Njia ikikatika wiki moja tu, bei ya sokoni inapanda, na anayeumia wa kwanza ni yule asiye na shamba karibu, yaani mhamaji. Kwa hiyo hatusemi barabara zisijengwe. Tunasema zijengwe namna ya kudumu, na bila kumhamisha mara ya pili aliyekwisha kuhama mara moja.

MAJI KWANZA, NA MIZIGO

Ukitaka kujua kama barabara itadumu, usitazame lami. Tazama maji yanapokwenda. Milima yetu ni mikali na udongo wetu ukilowa unateleza. Barabara inahitaji mgongo ulioinuka katikati, mifereji pande zote mbili, na makalivati yenye upana wa kutosha. Mfereji ukiziba kwa takataka au kwa majani, maji yanapanda juu ya njia, na msimu mmoja wa mvua unatosha kula kazi ya mwaka mzima. Tena maji ya mfereji lazima yapewe mahali pa kwenda. Yakiachiwa kwenye shamba la mtu, yatachimba korongo, na korongo hilo litarudi kula barabara yenyewe.

Jambo la pili ni uzito. Majaribio yaliyofanywa Marekani kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba ekseli ya gari ikiongezewa mzigo mara mbili, uharibifu wa barabara hauongezeki mara mbili. Unakaribia mara kumi na sita. Lori moja lililozidishiwa mbao linaharibu kuliko pikipiki zote za Butembo. Ndiyo maana wazee wetu waliziheshimu bariere za mvua: baada ya mvua kubwa lori linangoja njia ikauke. Bariere hiyo inalinda barabara, nayo ni tofauti na ile inayokamua watu.

Na tunajua ya pili ni nyingi. Mwaka 2017 watafiti walihesabu bariere 798 katika Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini, za askari, za wanamgambo na za watumishi wa serikali. Barabara mpya yenye bariere za zamani itafikisha mali haraka kwa anayekamua.

NANI ATATUNZA?

Waswahili wanasema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Barabara nyingi katika nchi yetu zilikufa kwa kukosa mtu wa kuzibua mfereji. Kwa sheria ya Julai 2008 nchi yetu iliunda Mfuko wa Taifa wa Matengenezo ya Barabara, unaojulikana kama FONER. Fedha zake zinatoka katika mafuta ya gari na katika ushuru wa barabara. Kwa hiyo kila anayepanda pikipiki ameshachangia. Ni haki ya kiongozi wa mtaa kuuliza: kiasi gani kilikusanywa kwenye kituo chetu, na kiasi gani kilirudi kwenye barabara yetu?

Butembo mnajua kujitegemea. Wakati wa vita, serikali ilipokuwa mbali, wafanyabiashara na wakaaji walichanga wakatengeneza njia zao, na salongo haikuwa neno geni. Lakini tuseme ukweli: salongo inaweza kuzibua mfereji, haiwezi kujenga daraja. Na haifai kumwita mhamaji kwenye salongo kila Jumamosi huku kazi yenye malipo ikipewa mtu mwingine. Kamati za vijiji za kutunza barabara kwa mikono, zenye majembe, mikokoteni na malipo ya haki, zinaweza kuajiri vijana waliohama pamoja na vijana wenyeji. Mchanganyiko huo peke yake ni kazi ya amani.

ALIYEKIMBIA HAONEKANI KATIKA DAFTARI

Sasa tufike kwenye jambo linalotuuma zaidi.

Kabla ya kupanua barabara, watu hupita wakipima, wakiandika nyumba, mashamba, migomba na makaburi. Anayekutwa anaandikwa. Ambaye hakukutwa je? Mama mmoja alitueleza kwamba kiwanja cha marehemu mume wake kiko kando ya barabara kuu. Alikikimbia usiku akiwa na watoto, bila karatasi yoyote. Baadaye akasikia kwamba wapimaji walipita, na kwamba mtu mwingine alisimama pale akasema: hapa ni kwangu. Mama yule hana habari kama jina lake limeandikwa popote. Alituuliza, "Mimi nilifukuzwa na panga. Sasa nifukuzwe na kalamu?"

Ndugu viongozi, swali hilo msiliache lilale. Tangu mauaji makubwa yalipoanza Beni mwezi Oktoba 2014, vijiji vingi vya kando ya barabara vimebaki bila wenyewe. Kupima ardhi wakati wenyewe wamekimbia, bila kuwatafuta, ni kupanda mbegu ya ugomvi utakaoota siku watakaporudi. Mradi wa namna hiyo hauwezi kuitwa endelevu, hata lami yake ikidumu miaka hamsini.

Sheria iko upande wenu. Katiba ya 2006, kifungu cha 34, inasema mali ya mtu haichukuliwi ila kwa manufaa ya umma na kwa fidia ya haki inayolipwa kwanza. Sheria ya mazingira ya Julai 2011 inadai uchunguzi wa athari kwa mazingira na kwa watu kabla ya mradi unaoweza kudhuru. Mkataba wa Kampala wa Umoja wa Afrika, uliopitishwa mwaka 2009 kwa ajili ya wakimbizi wa ndani, unazungumza hata juu ya watu wanaohamishwa na miradi ya maendeleo, na unataka athari zichunguzwe kabla. Na katika miradi ya Benki ya Dunia, kanuni zinamtambua hata mtu asiye na hati. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mradi wowote liwe hili: fedha ni za nani? Kwa maana kila mwenye fedha ana kanuni zake na mlango wake wa malalamiko.

MALALAMIKO YAKIANDIKWA HUSIKIKA

Wapo wanaosema: sisi ni watu wadogo, nani atatusikiliza? Sikilizeni mfano huu. Mwaka 2017 wakaaji wa kando ya barabara ya Bukavu hadi Goma walipeleka malalamiko kwa Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia. Walieleza kuhusu machimbo ya mawe ya jamii, mwenendo wa askari waliolinda kazi, na ukatili dhidi ya wanawake. Mwezi Novemba mwaka huohuo benki ilisimamisha malipo ya kazi za ujenzi, na mwaka 2018 uchunguzi ukathibitisha kwamba watu walikuwa wamedhurika kweli.

Ng'ambo ya Ruwenzori, Uganda, mwezi Desemba 2015 benki hiyo ilifuta ufadhili wa mradi uliohusu barabara ya Fort Portal hadi Kamwenge, baada ya wasichana wa vijiji kudhulumiwa na wafanyakazi wa ujenzi. Hatuyasemi haya kwa kufurahia barabara kusimama. Barabara ikisimama, maskini naye anapoteza. Tunayasema ili mjue kwamba kambi ya wafanyakazi ikikaribia makazi ya wahamaji, wasichana wetu walindwe tangu siku ya kwanza, kabla hajaumia hata mmoja.

MBUGA NA MSITU

Barabara ya Beni hadi Kasindi inapita ndani ya Mbuga ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, na inavuka mto Semuliki. Njia ikifunguka, msumeno na makaa hufuata. Msitu ukiisha juu ya kilima, maji hushuka kwa nguvu, na tunarudi kwenye mfereji uleule tulioanza nao. Kulinda msitu ni kulinda barabara.

TUFANYE NINI?

Tunawaachia mambo matano.

Kwanza, kila mtaa unaopokea wahamaji uandike orodha ya familia zenye kiwanja au shamba kando ya barabara: jina la kijiji, majirani wa kila upande, mashahidi wawili. Wajane waandikwe kwa majina yao wenyewe. Nakala moja ibaki kwa familia, nyingine kwa kiongozi, na ya tatu ipelekwe kwa wanaosimamia mradi.

Pili, ombeni kuonyeshwa uchunguzi wa athari, usomwe kwa Kiswahili na Kinande mbele ya watu.

Tatu, wapangaji nao wahesabiwe. Nyumba ikibomolewa, mwenye nyumba anaweza kupata fidia. Aliyepanga anabaki barabarani na sufuria zake.

Nne, katika kila kamati ya barabara wawemo wanawake na wahamaji, na awepo mtu mmoja anayeaminika wa kupokea malalamiko ya siri.

Tano, msiwe na haraka ya kugombana. Mwenyeji na mhamaji wakigawanyika juu ya fidia, mjanja wa tatu ataichukua.

Na wewe mzee uliyeuliza kama adui atafika haraka: ni kweli, njia haichagui anayepita. Lakini njia hiyohiyo inamfikisha daktari, inamfikisha mtoto shuleni, na inawawezesha walinzi kufika kabla kijiji hakijateketea. Tofauti inaletwa na watu walio kando yake. Mtu aliyelipwa haki yake, aliyepata kazi, aliyeandikwa kwa jina lake, huyo ataona mgeni wa hatari akapiga kelele. Aliyeporwa atanyamaza.

Siku itafika, kwa mapenzi ya Mungu, ambapo mtafunga mizigo tena, safari hii kwa kurudi nyumbani. Tunataka siku hiyo njia iwepo, daraja liwepo, na mwishoni mwa njia kiwanja chako kiwe bado chako.