Mwanya wa Mtoto Usifungwe kwa Mpira

    Leo tunazungumza juu ya mwanya.

Kwanza tutofautishe mambo mawili. Mwanya ni nafasi kati ya meno yaliyopo. Pengo ni mahali ambapo jino limetoka. Wazee wengi wa Kipsigis waling'olewa meno ya mbele ya chini kwa mila. Hilo ni pengo, na mtu akitaka kuliziba huwekewa jino la bandia. Mwanya ni habari nyingine. Kwa wengi ni urembo, na wasichana husifiwa kwa huo. Mwanya peke yake si ugonjwa.

Je, mtoto mwenye mwanya apelekwe kwa daktari? Tazama umri wake. Mtoto wa miaka 3 hadi 5 akiwa na nafasi kati ya meno ya maziwa, mama afurahi. Meno ya ukubwani ya mbele ni mapana zaidi, nayo yanahitaji nafasi hiyo. Akifika miaka 7 au 8, meno mawili ya juu ya mbele huota mara nyingi yakiwa yameachana. Hapo wazazi wengi huogopa. Subirini. Chonge za juu huota kwenye miaka 11 au 12, na zinaposhuka husukuma yale mengine yakakaribiana. Mara nyingi mwanya mdogo hujifunga wenyewe.

Akina mama, sikilizeni hili kwa makini. Kuna watu hufunga mpira mdogo, kama ule wa kufungia nywele, kuzunguka meno mawili ya mbele ili yakaribiane. Meno hukaribiana kweli, na ndiyo sababu watu hudanganyika. Lakini mzizi wa jino huwa mwembamba kuelekea ncha yake. Kwa hivyo mpira huteleza, huingia ndani ya ufizi, na hauonekani tena. Mama hudhani umekatika na kuanguka. Kumbe unaendelea kupanda huku ukiharibu mfupa unaoshika jino. Ufizi huvimba, hutoa damu na usaha, na meno hulegea. Watoto wamepoteza hivyo meno mazima yasiyo na tundu hata moja. Kama mtoto wako alifunga mpira na haujulikani uliko, mpeleke kwa daktari wa meno siku hiyo hiyo. Uzi nao usitumike.

Ni wakati gani wa kumwona daktari? Nendeni ikiwa chonge zimeota na mwanya bado ni mpana. Ikiwa jino moja la mbele limeota na mwenzake amechelewa zaidi ya miezi 6. Au ikiwa mtoto ameota meno ya ukubwani na bado ananyonya kidole. Daktari anaweza kupiga picha ya eksirei, kwa sababu wakati mwingine kuna jino la ziada limejificha ndani ya mfupa. Na wewe mama, kama hukuwa na mwanya na sasa meno yanaachana, huenda ni ugonjwa wa fizi. Huo hutibiwa kwanza.

Siku hizi vijana wanaulizia alaina. Hivi ni vifuniko vya plastiki angavu vinavyovaliwa juu ya meno badala ya waya. Hutengenezwa kwa kipimo cha mdomo wa mtu mwenyewe. Kila kifuniko husogeza meno kidogo tu, na baada ya wiki 1 au 2 huvaliwa kingine. Ni lazima vivaliwe saa 20 hadi 22 kwa siku, na vivuliwe wakati wa kula na kupiga mswaki. Sisi watu wa chai tukumbuke: chai ya moto hupinda plastiki, na sukari ikibaki ndani yake huozesha meno. Vua kifuniko, kunywa chai, sukutua, kisha uvae tena. Matibabu yakiisha, kuna kifaa cha kuvaa usiku, la sivyo mwanya hurudi.

Msiagize vifuniko kwa simu bila kupimwa mdomo. Kampuni ya Marekani iitwayo SmileDirectClub, iliyouza alaina kwa njia ya posta, ilifungwa Desemba 2023 na kuacha wateja katikati ya matibabu. Anzeni na idara ya meno ya hospitali kama Longisa, Kericho, Kisii au Tenwek, muelekezwe kwa daktari wa kupanga meno. Ulizeni gharama yote, kuanzia kipimo hadi kifaa cha usiku, kabla ya kulipa shilingi ya kwanza.

Kwa kumalizia: mwanya wa mtoto mdogo, subiri. Mpira na uzi, kataa. Ukiwa na shaka, uliza. Na kumbukeni kwamba mtoto mwenye mwanya na meno safi ana afya kuliko mwenye meno yaliyobanana na kuoza. Piga mswaki naye asubuhi, na usiku kabla ya kulala.