Matanuri ya Österbybruk na Matanuri ya Kwetu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa ukoo, Stockholm)



Jana tulipozuru Österbybruk, mji mdogo ulio zaidi ya kilomita 100 kaskazini mwa jiji hili, mjukuu wangu aliniuliza: "Babu, na kwetu Ufipa walifua chuma?" Nikamjibu kuwa walifua. Akauliza: "Walifuaje?" Hapo nikanyamaza. Leo napenda kulijibu swali lile mbele yenu nyote.

Tuanze na mji wa wenyeji wetu. Machimbo ya Dannemora, jirani na Österbybruk, yametajwa katika hati ya mwaka 1481. Mwaka 1643 mfanyabiashara Louis De Geer, mzaliwa wa Liège, alikinunua kiwanda cha Österby. Mafundi wake wengi walikuwa Wawaloni, wageni kutoka nchi iitwayo leo Ubelgiji. Walitumia matanuri mawili: la kwanza la kuyeyusha na kusafisha chuma ghafi, la pili la kukipasha moto upya kabla ya kufuliwa pau kwa nyundo kubwa iliyoendeshwa na maji. Pau hizo zilitakwa sana Sheffield, Uingereza, kwa kutengenezea chuma cha pua. Moto wa matanuri ulizimika mwaka 1906; machimbo yakafungwa mwaka 1992.

Kwetu nako matanuri yalikuwa ya namna mbili. La kwanza ni ilungu, tanuri refu la udongo, kimo chake yapata mita 3, lililojivutia hewa lenyewe bila mivukuto. Kilichotoka humo kilisafishwa katika tanuri dogo, kintengwe, kwa mivukuto, kisha mhunzi akafua majembe. Kwa majembe hayo watu walilima, tena walioa. Majembe ya kigeni yalipoenea wakati wa ukoloni, kazi hiyo ikafifia hata ikakoma. Malungu machache yangali yamesimama porini, na mavi ya chuma yamelala chini yake.

Ndugu zangu, hayo niliyoyasema nimeyapata vitabuni. Sikuyapata kwa babu yangu, ambaye ujanani mwake alihudumu kwenye ilungu. Alifariki mwaka 1982. Wakati huo nilikuwa karani wa masjala serikalini; nilitunza majalada ya maelfu ya watu nisiowajua, wala sikumfungulia babu yangu hata ukurasa mmoja. Kila likizo nilimkuta barazani, nikamwamkia, nikampa sukari na blanketi, nikaondoka. Dawa walizotia tanurini, nyimbo walizoimba, miiko waliyoshika usiku ule wa moto, amekwenda nayo kaburini.

Wawaloni nao walikuwa wageni hapa kama sisi. Wajukuu wao leo ni Waswidi kamili, lakini majina kama Dubois, Bonnevier na Hubinette yangali hai, na wenye majina hayo huweza kufuata nasaba zao mpaka kwa fundi wa kwanza, kwa sababu makarani wa viwanda na mapadri waliandika.

Kwa hiyo naleta ombi moja. Kabla hatujaagana kesho, kila kijana aketi na mzee mmoja, amwulize na kuandika: jina, kijiji, kazi, na namna kazi ile ilivyofanywa. Nimeleta daftari. Ukurasa wa kwanza nimeandika jina la babu yangu, na chini yake yale machache niyakumbukayo.