Nani anashika biki ya mtoto?

(Maneno haya yalisemwa Mubi, eneo la Walikale, katika mkutano wa wazazi, kamati ya wakimbizi wa ndani na viongozi wa vijiji, juu ya vijana na kazi ya kuandika. Tunayachapa kama yalivyosemwa. Salamu tu ndizo tulizifupisha.)



Mliniomba niseme juu ya watu wanaoanzisha kazi za kufundisha vijana kusoma na kuandika hadithi zao. Kabla ya mkutano mzee mmoja aliniuliza hivi: "Hao watu ni akina nani, na wanatafuta nini kwa watoto wetu?" Ni ulizo zuri. Nitakaa juu yake, na mengine nitapita haraka.

Nianze karibu, nisianze Ulaya. Mwaka 1956, hapa hapa katika nchi ya Wanyanga, mzee wa kijiji cha Bese aliyeitwa Shekarisi Candi Rureke alikubali kusimulia hadithi ya Mwindo ili iandikwe. Alisimulia siku kumi na mbili. Aliimba, alicheza, aliiga sauti na matendo ya kila mtu wa hadithi, mpaka sauti yake ikapungua na vidole vikamuuma. Mbele yake walikaa watu wakiandika: Daniel Biebuyck, Mbelgiji mchunguzi wa mila, na Kahombo Mateene, kijana Munyanga aliyekuwa amesoma, pamoja na wasaidizi wengine. Waliandika neno kwa neno, nao vidole vikawauma. Mwaka 1969 kitabu kilichapwa huko California, Marekani, kwa Kiingereza na kwa Kinyanga. Mateene alikuja kuwa mtaalamu mkubwa wa lugha za Afrika, na alifanya kazi Kampala katika ofisi ya lugha ya Umoja wa nchi huru za Afrika.

Basi angalieni: kitabu hicho kina watu wa namna tatu nyuma yake. Kuna mwenye hadithi, kuna mwenye kushika biki, na kuna mwenye mashine ya kuchapa. Kitabu kinajulikana duniani kwa majina ya wale wawili walioshika biki. Rureke walimtaja ndani, tena kwa heshima, lakini mtu anayetafuta kitabu katika maktaba halitafuti jina lake. Sisemi walikosa, bila wao hadithi ile ingebaki midomoni, na midomo mingi imenyamazishwa tangu mwaka ule. Nasema tu kwamba ulizo la mzee wetu ni la zamani hapa Walikale. Nani anasimulia, nani anaandika, na kitabu kinalala katika nyumba ya nani? Wangapi kati yenu mmekishika mkononi?

Wanaojua hadithi yenyewe wanakumbuka mwisho wake. Shemwindo, chefu wa Tubondo, hakutaka mtoto mwanaume, akatafuta kumuua Mwindo. Mwindo alimfuata baba yake mpaka chini ya ardhi, akamrudisha kijijini. Hapo mtu anangoja damu. Lakini shangazi Iyangura akataka watu wote wakusanyike, na katika baraza lile baba akakiri ubaya wake mbele ya watu, kila mmoja akasema neno lake, na nchi ikagawanywa kati ya baba na mwana. Sisi wa mashirika ya amani tunapenda kuleta mafundisho ya baraza toka mbali, na makaratasi mengi. Mzee Rureke alikuwa nayo tayari.

Sasa niende kwa mtu aliyekimbia kama ninyi. Valentino Achak Deng alizaliwa Marial Bai, Sudani ya Kusini. Alikuwa mtoto mdogo vita ilipofika kijijini. Alitembea na watoto wengine mpaka Ethiopia, na kutoka huko mpaka kambi ya Kakuma, Kenya, ambako alikaa karibu miaka kumi. Mwaka 2001 alipelekwa Atlanta, Marekani. Alitaka watu wajue yaliyowapata watoto wale, lakini hakuwa mwandishi wa vitabu. Kupitia kwa mwanamke aliyekuwa akiwasaidia vijana wale wa Sudani, alijulishwa kwa mwandishi mmoja, Dave Eggers. Walikaa pamoja miaka mingi, wakisimuliana, wakiulizana, wakirudi nyuma. Kitabu kilitoka mwaka 2006.

Kuna mambo mawili ninayopenda katika kazi ile. La kwanza, walikiita hadithi ya kubuni, wala si ushahidi. Deng alieleza kwamba alikuwa mdogo sana. Hawezi kuapa kwamba maneno fulani yalisemwa siku fulani. Huo ni ukweli wa namna yake. La pili, pesa ya kitabu ilipelekwa kwenye shirika lenye jina la Deng mwenyewe, na kwa hiyo sekondari ikajengwa Marial Bai, ikafunguliwa mwaka 2009. Baadaye Deng akawa waziri wa elimu wa jimbo lake. Sitaki kuwadanganya kwamba kila mkimbizi akisimulia atapata shule. Wengi wamesimulia, wamepigwa picha, na hawakuona hata sabuni. Ninyi mnajua kuliko mimi. Lakini pale mapatano yalikuwa wazi toka mwanzo, na mwenye hadithi alibaki mwenye hadithi.

Huyo Eggers ndiye mmoja wa wawili walioanzisha ile kazi mnayoiuliza. Wa pili ni mwalimu, mwanamke, anaitwa Nínive Calegari. Mwaka 2002 walifungua nyumba katika mji wa San Francisco, kwenye namba 826 ya barabara ya Valencia, katika kartie yenye wahamiaji wengi toka Mexico na nchi za jirani. Mawazo yao yalikuwa mepesi: waalimu wana watoto wengi mno darasani, hawapati nafasi ya kukaa na mtoto mmoja na kusoma alichoandika. Na katika mji kuna watu wengi wanaojua kuandika. Basi wale waje wakae pembeni ya mtoto, bure, saa moja au mbili.

Sheria ya mji ilisema nyumba ile ni ya duka. Wakafungua duka kweli, wakauza vitu vya majambazi wa baharini, yaani vitambaa vya kufunika jicho na vitu kama hivyo. (Msicheke sana. Duka lilisaidia kulipa nyumba, na mtoto alipita humo akifurahi kabla ya kuketi na kaye.) Lakini mwanzoni watoto hawakuja. Eggers mwenyewe amesimulia jambo hilo mbele ya watu: mlango ulikuwa wazi, waliojitolea walikuwa wamekaa, na viti vya watoto vilikuwa vitupu. Wazazi hawakuwajua. Ni pale Calegari alipoichukua kazi, yeye aliyejulikana na waalimu na shule na wazazi, ndipo watoto wakaanza kuja, na baadaye wakajaa.

Hapo jibu langu kwa mzee linaanza kuonekana. Mwandishi mwenye jina hakutosha, na duka la kuchekesha halikutosha. Alihitajika mtu ambaye mama wa mtoto anamjua.

Kazi ile imezaa nyingine. Huko Dublin, Ireland, mwandishi Roddy Doyle na Seán Love, aliyekuwa kiongozi wa Amnesty International katika nchi ile, walianzisha nyumba yao mwaka 2009. London wakafuata mwaka 2010. Nitaeleza namna wanavyofanya Dublin na San Francisco, kwa sababu haihitaji umeme wala nyumba nzuri. Kalasi nzima inaketi. Mtu mmoja anasimama kwenye ubao na kuuliza: hadithi yetu ni ya nani? Anaogopa nini? Anatamani nini? Watoto wanabishana, wanapatana, na maneno yao yanaandikwa mbele ya macho yao. Hadithi ikifika mahali pa hatari, yule mtu anaweka chaki chini. Toka hapo kila mtoto anachukua karatasi na kuandika mwisho wake peke yake. Ikiwa wako thelathini, mtapata miisho thelathini. Na kabla ya kwenda nyumbani kila mtoto anapewa kitabu kidogo kilichoshonwa, chenye jina lake.

Tufikirie jambo hilo hapa Mubi. Kwenye benchi moja kuna mtoto wa Kinyanga, wa Kikumu, wa Kihunde, wa Kitembo, wa Kinyarwanda. Wengine walizaliwa hapa. Wengine wametoka Masisi, familia zao zimehama mara tatu au nne. Wengine walikimbia Walikale-centre vita ilipofika huko Machi 2025. Kubishana juu ya jina la mbuzi wa hadithi, na kupatana, ni kazi ya amani kwa watoto hao kuliko wimbo wa amani tunaowafundisha kwa ajili ya wageni. Nimesema, na wakubwa wangu wanisamehe.

Sasa mambo magumu, kwa sababu hapa si San Francisco.

Kuandika kunaweza kuleta hatari. Mtoto akiandika jina la mtu mwenye silaha, au njia ambayo familia ilipitia msituni, au nani aliwaficha, kaye ile ikipatikana inaweza kumgharimu mtu maisha. Katika barabara hii watu wanajua yaliyotokea Luvungi na vijiji vya jirani mwaka 2010, na wanajua pia jinsi watu wengi toka nje walivyokuja kuwauliza wamama maulizo yale yale mara kumi. Kwa hiyo mtu ye yote asimwambie mtoto: "Andika yaliyokupata." Mtoto aandike juu ya kima, juu ya mto, juu ya mfalme asiyependa watoto. Akitaka kuandika juu ya usiku ule, ataandika yeye mwenyewe, siku yake, na jina la kijiji litabadilishwa. Na lazima kuwe na mtu mzima wa kukaa naye baadaye, kwa maana kidonda kikifunguliwa hakiachwi hivi hivi.

Kaye ni ya mtoto. Si ya shirika, na nawaambia wazi, si ya kamati vilevile. Isisomwe redioni, isipigwe picha, isipelekwe kwa wafadhili, mpaka mtoto na mzazi wakubali wote wawili. Na mmoja akikataa, basi. Vilevile isitumiwe kama ushahidi wa kuandikisha nani anastahili msaada. Siku watoto watakapojua kwamba hadithi ya huzuni inaleta mfuko wa unga, wataandika huzuni tu, na hatutajua tena lipi ni lao.

Juu ya lugha, naona tuache woga. Mtoto aandike Kiswahili chake anachosema nyumbani, au Kinyanga, au Kihunde. Kifaransa kitapata nafasi yake shuleni. Mama asiyejua kuandika anaweza kusimulia na binti yake akaandika, kama Mateene mbele ya Rureke. Nimeona wamama wengi wakianza kutafuta herufi kwa njia hiyo, kwa sababu wanataka kuhakikisha kama binti ameandika kweli walivyosema!

Kuna jambo la machimbo pia. Tangu kasiterite ilipopatikana Bisie mwaka 2002, kijana wa hapa anajua njia ya shimo kuliko njia ya sekondari, na hata baada ya kampuni kuanza kuchimba kwa mashine makubwa mwaka 2019, njia ile haikusahaulika. Madini hayo ndiyo yanayounganisha vipande ndani ya simu na kompyuta za ulimwengu. Kijana wa miaka kumi na tano anayelisha wadogo zake hatakuja saa nne asubuhi. Aje jioni, au siku ya Mungu baada ya ibada. Tukiweka saa ya kutupendeza sisi tutapata watoto wale tu ambao wangesoma hata bila sisi.

Mtaniuliza kama wakimbizi wenyewe wanaweza kuongoza kazi ya namna hii. Kakuma, mwaka 2008, wakimbizi wa mataifa mbalimbali, Wakongomani wakiwa kati yao, walianzisha gazeti lao linaloitwa KANERE na kuliandika wenyewe. Waliandika juu ya maji, chakula, shule, usalama, mambo ambayo si kila mkubwa alipenda kuyasoma. Halikuwa gazeti la matajiri.

Kwa hiyo ninaleta maombi manne mbele yenu, na siombi pesa. Wamama, chagueni ninyi watu watakaoketi na watoto: wanne au watano, wanawake kwa wanaume, toka makabila zaidi ya moja, wakimbizi na wenyeji, ambao mngewaachia mtoto wenu usiku. Mkikataa jina fulani hatutauliza sababu. Viongozi, tupeni chumba kimoja cha shule baada ya masomo, na mkubali kwamba hakuna mwenye silaha atakayeingia humo, wa upande wo wote. Kamati, tafuteni sanduku lenye kufuli kwa ajili ya kaye, na ufunguo ukae kwa mtu mliyemchagua, usikae kwangu. Waalimu, mkubali kutosahihisha kwa wino mwekundu katika kaye hizo. Najua ni vigumu.

Shirika litaleta kaye, biki, uzi na sindano za kushonea. Wazee wanaojua hadithi, tungependa mmoja aje siku ya kwanza asimulie, na asilipwe kwa maneno mazuri peke yake.

Sasa nakaa. Mzee aliyeuliza asimame aseme kama nimemjibu, halafu wamama, halafu wale vijana wa nyuma.